LAMP: historia ya amri moja

Kama una Debian au Ubuntu na unataka kujifunza kutengeneza tovuti, fungua terminali uandike hivi:

sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql

Subiri kidogo, kisha andika http://localhost kwenye kivinjari. Ukiona ukurasa wa Apache, tayari una seva yako mwenyewe hapo mezani, bila kulipia leseni. Je, programu hizi zilikutana vipi?

Tuanze na Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alitangaza mfumo endeshi aliokuwa akiuandika kwa kujifurahisha. Mwaka 1992 aliuweka chini ya leseni ya GPL: chukua, badilisha, gawa, ila ukigawa usiufiche msimbo.

Apache ilizaliwa kwa shida. Seva iliyopendwa wakati huo ilitoka NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwandishi wake, Rob McCool, alipoondoka mwaka 1994, kazi ilikwama. Lakini msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo watumiaji wakakusanya viraka vyao na mwaka 1995 wakatoa Apache.

Mwaka huohuo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa PHP, vifaa alivyotengeneza ili ajue nani wanasoma wasifu wake mtandaoni. MySQL, hifadhidata kutoka Uswidi, nayo ilianza 1995, ikaingia GPL mwaka 2000.

Hakuna aliyewapangia kazi ya pamoja. Jina LAMP lilikuja mwaka 1998, Michael Kunze alipoliandika katika gazeti la Kijerumani la c't. Lakini kuziunganisha kulikuwa jasho: unakompaili moja, inadai nyingine, unaanza upya. Mzigo huo ulipunguzwa na watu wa kujitolea wa Debian. Mwaka 1999 toleo la 2.1 lilikuja na apt, inayojua kifurushi gani kinahitaji kipi na kuvileta vyote.

Kwetu Kenya jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kobe. Lakini Ubuntu, iliyoanza 2004, ilituma sidii bure kwa posta hadi 2011, na sidii ya seva ya toleo la 6.06 ilikuwa na chaguo la LAMP. Ungeweza kujenga tovuti nzima bila kuunganishwa na mtandao! Jukwaa la Ushahidi, lililoanzia Kenya mwaka 2008, nalo lilikuja kuandikwa kwa PHP na kutumia MySQL.

Sasa rudi kwenye ile amri. Mbona imeandikwa mariadb? Sun ilinunua MySQL mwaka 2008, na mwaka 2010 Oracle ikaichukua Sun. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alihofia hatima ya kazi yake. Mwaka 2009 alichukua msimbo uleule wa GPL akaanzisha MariaDB.

Mara mbili, basi, programu ilipoteza mwenyewe, na mara mbili watu wakaendelea nayo. Kampuni inaweza kununua jina, lakini msimbo uliokwisha kutolewa chini ya GPL haurudi kabatini. Kwa hiyo ukichagua zana za kujenga tovuti yako, soma leseni kabla ya kuuliza bei.