Kutoka Simbi hadi Simu Janja

Hapana sheria katika nchi yetu inayomlazimisha mtu kununua simu janja. Walakini kijana wa Kaagya aliyemaliza kidato cha nne huyatazama matokeo yake katika tovuti ya Baraza la Mitihani, huitafuta shule aliyopangiwa katika tovuti ya TAMISEMI, na fomu ya kujiunga huichukua huko huko. Akija kuomba mkopo wa chuo kikuu, maombi yake hupita katika intaneti. Lazima imeingia bila ya kupigiwa mbiu.

Sisi watu wa Kagera tumepata kuiona lazima ya namna hii. Wajerumani walipojenga boma la Bukoba mwaka 1890, fedha ya Buhaya ilikuwa simbi, na mtu aliweza kula ndizi za kibanja chake siku nyingi pasipo kuzigusa. Mibuni ilikuwapo, tena chini ya mamlaka ya Omukama. Buni zake zilitafunwa, wageni walikirimiwa kwazo, na kwazo watu walichanjiana udugu. Ndipo ikaja kodi ya nyumba, iliyotangazwa katika koloni mwaka 1897. Kodi haikumwambia mtu apande kahawa. Ilimdai fedha ya serikali tu. Lakini fedha hiyo angeipata wapi? Buni ya kukirimu mgeni ikawa buni ya kuuza.

Redio ilikuja na tabia nyingine. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, kila kikundi na redio yake moja na kitabu chake, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Asiyekuwa na redio hakupungukiwa na neno hata moja.

Simu ni chombo cha mtu mmoja. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na fedha zilizomo, tangu huduma hizo zilipoanza nchini mwaka 2008, hulindwa kwa namba ya siri. Bibi asiyejua kusoma humtajia mjukuu wake namba hiyo, na hapo amekwisha kumkabidhi ufunguo wa sanduku. Wajukuu walio wengi ni waaminifu; lakini siri ya watu wawili si ile iliyokusudiwa.

Hatuibezi simu janja, maana imemfupishia safari mwenye nayo. Asiye nayo ndiye aliyeongezewa safari. Majina ya kidato cha tano yanapotoka, wazazi hupanda gari kwenda mjini, Bukoba au Muleba, jina na namba ya mtihani ya mtoto vikiwa vimeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Huko stesheneri hulipia kutafutiwa, hulipia tena kuchapishiwa kila ukurasa, kisha hurudi kijijini na fomu ambayo zamani ililetwa na posta.