Vidole Vinavyodaiwa na Pedi

Wengi huisimulia historia ya michezo ya video kwa picha, jinsi nukta za kwenye televisheni zilivyogeuka nyuso za watu. Mimi napenda kuitazama kupitia kile kidude cha mkononi, ambacho vijana hukiita pedi.

Mashine ya Atari ilipotoka Marekani mwaka 1977, mchezaji alipewa kijiti kimoja na kitufe kimoja. Kijiti alikishika kwa kiganja, akakisukuma kwa mkono. Mtoto na babu yake waliweza kushindana pasipo mafunzo. (Kilichosha kifundo cha mkono, hilo nalikubali.)

Mwaka 1982 Gunpei Yokoi wa Nintendo, huko Japani, alikuwa na tatizo la nafasi. Alitaka mchezo wa Donkey Kong uingie katika mashine ndogo ya kukunja na kutia mfukoni, na kijiti kinachochomoza hakikufaa. Akaweka msalaba bapa wa plastiki, unaobonyezwa kwa kidole gumba. Mwaka uliofuata msalaba huo ukahamia kwenye pedi ya Famicom: wenyewe kushoto, vitufe viwili kulia. Kazi ya mkono ikawa ya vidole gumba viwili.

Kilichofuata ni kuongeza tu. Super Famicom ya 1990 ilikuwa na vitufe vinne usoni na viwili mabegani. Nintendo 64 ya 1996 ilirudisha kijiti, safari hii kidogo, cha kidole gumba. DualShock ya Sony, mwaka 1997, ikawa na vijiti viwili, na pedi yenyewe ikatetemeka. Sizibezi nyongeza hizi. Zilizaa michezo mizuri mno. Lakini kila kitufe kilidai kidole chake, na asiye na kidole hicho, au ambaye chake hakimtii, alibaki mtazamaji.

Nintendo walilijua hilo mapema. Mwaka 1989 walitoa kifaa cha kuvaa kifuani: kijiti kilisukumwa kwa kidevu, na vitufe viliendeshwa kwa kuvuta na kupuliza pumzi katika mrija. Microsoft walikuja mwaka 2018 na kibao chenye vitufe viwili vikubwa, vya kubonyezwa hata kwa kiwiko au mguu, na nyuma matundu 19 ya kuchomeka vifaa vingine, kila mtu kwa kadiri ya mwili wake. Sony wakafuata mwaka 2023. Kinachonifurahisha zaidi katika kile cha Microsoft ni boksi lake: lilitiwa vitanzi vya kuvuta, ili mnunuzi asilazimike kulifungua kwa meno.