Mwezi Usiojizungusha na Miezi Iliyoanguka

Mwezi huionyesha Dunia uso uleule kwa sababu hujizungusha kwenye mhimili wake mara moja katika siku 27.3, muda uleule unaoutumia kuizunguka Dunia. Giovanni Cassini alilieleza jambo hilo mwaka 1693, lakini wabishi hawakukosekana. Mwaka 1856 Jelinger Symons, mkaguzi wa shule nchini Uingereza, alidai kuwa Mwezi haujizungushi kamwe. Henry Perigal wa London, mpenzi wa hisabati, naye alishikilia dai hilo kwa miaka mingi. Hata Nikola Tesla, bingwa wa umeme, aliukana mzunguko huo mwaka 1919. Kosa lao lilikuwa moja: walipima mwendo wa Mwezi kwa kuulinganisha na Dunia badala ya nyota. Anayeizunguka meza huku akiitazama hupitisha mgongo wake mbele ya kuta zote nne, kwa hiyo amegeuka mzunguko mzima.

Nadharia ya Hanns Hörbiger, mhandisi wa Austria, ilikuwa na madhara zaidi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1913 pamoja na Philipp Fauth, alidai kuwa Mwezi umefunikwa na barafu, na kwamba miezi iliyoutangulia iliporomokea Dunia na kuleta gharika. Wanasayansi waliikataa nadharia hiyo, lakini Wanazi, Heinrich Himmler akiwemo, waliikumbatia. Vipimo vya umbali vilivyofanywa kwa vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia mwaka 1969 vimeonyesha kinyume cha nadharia hiyo: Mwezi unajitenga na Dunia kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.