Kapteni wa Kichwa, Nahodha wa Chombo

Pap, kwa Kijaluo, ni uwanda. Pap Onditi, huku Nyakach, ni uwanda wa Onditi, na jioni niliyofika vijana walikuwa wakikimbiza mpira. Mmoja alikuwa amefunga kitambaa mkononi. "Kapteni, pasi!" wakamwitia. Redioni mtangazaji angemwita nahodha. Maneno mawili, kitambaa kimoja. Kesho yake nikaanza kuyafuata yalikotoka.

Nilipanda matatu hadi Katito, nikapita Ahero na mashamba yake ya mpunga, nikashukia Kisumu, karibu na bandari. Hapa ndipo meli zilipong'oa nanga Juni 1915 kwenda kuishambulia Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Askari wa King's African Rifles, yaani Keya, jeshi lililoundwa 1902, walikuwamo. Makapteni wao walikuwa Wazungu. Miaka ya 1950 Mwafrika alifunguliwa cheo cha effendi, neno la Kituruki lililotuzalia "afande". Idi Amin, askari wa Keya, alipata ukapteni 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda.

Kapteni limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Katika jeshi la nchi kavu hukaa kati ya luteni na meja. Katika jeshi la majini kapteni ni sawa na kanali. Nahodha ni Kiajemi: bwana wa chombo. Tungo za pwani zilimpenda huyu wa pili, na si ajabu. Kichwa hutoa amri, lakini bwana wa chombo huzama nacho. Wahenga nao walimkumbuka: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Marekani maana hizi mbili zilikutana kwa mtu mmoja. Mwaka 1832 Abraham Lincoln alichaguliwa na wanamgambo wenzake kuwa kapteni wa kombania yao. Alipouawa 1865, akiwa rais, mshairi Walt Whitman alimlilia kwa jina lilelile, ila katika shairi alikuwa kapteni wa merikebu. Ukapteni wa kombania wanaukumbuka wanahistoria. Ule wa merikebu watoto hufundishwa shuleni.

Basi, msomaji, akija uwanjani kwako mtu wa kuomba kura akijiita kapteni, usimuulize cheo. Muulize: chombo kikianza kuingia maji, yeye atakuwa wapi?