Etiketi za koltani ya Rubaya

Masisi, kutoka Kingi hadi Rubaya, neno etiketi linajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kushuka shimoni.

Mwezi wa Septemba 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Walikale, kisha Kivu Kaskazini yote, Kivu Kusini na Maniema. Amri hiyo iliondolewa Machi 2011. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshatunga sheria inayodai makampuni yake yachunguze kama madini yao yanatoka Kongo.

Ndipo mpango wa iTSCi ukafika Rubaya, mwaka wa 2014. Wakala wa serikali alikuwa anapima mfuko kwenye mgodi, anafunga etiketi yenye namba, anaandika kilo. Kwenye depo ulikuwa unapimwa tena. Shimo dogo likiandikiwa mifuko mingi, daftari lenyewe lilisema, kabla mzigo haujavuka mpaka. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya mpango.

Ila etiketi inafungwa na mtu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ziliuzwa kwa siri. Aprili 2022 shirika la Global Witness lilisema madini ya mashimo yasiyoruhusiwa yalipitishwa Masisi kwa etiketi safi, iTSCi ilikanusha. Madaftari yalikuwepo muda wote. Kuyalinganisha mapema, kilo kwa kilo, ndiko kulikokosekana.

Mwisho wa Aprili 2024 M23 iliteka Rubaya. Kabla mwaka haujaisha, wataalamu wale wale walikadiria ushuru wake wa koltani kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi.