Pamba isiyo na nyuzi: mutanti si GMO

Najua wengine mtacheka, mtu wa njia panda ya Mufindi, kwenye chai, misitu na baridi, anaongelea pamba. Ni kweli, pamba inataka joto na huku hailimwi. Karibu pamba yote ya Tanzania inatoka kanda ya magharibi, yaani Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora na jirani zao. Ila kila ubishi wa mbegu ukianza, lazima atokee mtu aseme mutanti na GMO ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja, na pamba inaonyesha hilo vizuri kuliko zao lolote ninalolijua.

Tuanze na uzi wenyewe. Uzi wa pamba ni unywele wa mbegu. Na si unywele wa seli nyingi kama ule wa kichwani kwako, ni seli MOJA tu iliyorefuka mpaka ikafika sentimita 2.5 hadi 3. Urefu wake ni zaidi ya mara 1,000 ya upana wake. Siku ua linapofunguka, baadhi ya seli za ngozi ya mbegu changa zinaanza kuvimba kama vipele. Hizo ndio nyuzi za baadaye. Seli jirani zinabaki ngozi ya kawaida.

Baada ya hapo seli inarefuka kwa wiki tatu hivi. Halafu inaanza kujaza ukuta wake kwa ndani, safu juu ya safu ya selulosi, mpaka kwenye siku ya 40 na kitu. Kitumba kikipasuka seli inakauka, inakufa na kujisokota. Ule msokoto ndio unaofanya nyuzi zishikane kwenye kusokota. Siku chache baada ya ua kufunguka huota pia kundi la pili la nyuzi, fupi sana. Hayo ndio manyoya yanayobaki kwenye mbegu ikitoka kiwandani.

Sasa wataalamu walijuaje nani anaongoza hatua gani? Hapo ndipo mutanti anapoingia. Mutanti ni mmea ambao herufi fulani kwenye vinasaba vyake imebadilika, mara nyingi yenyewe tu shambani, bila mtu kuigusa. Ukiona hatua gani imekwama, unajua kinasaba kile kilikuwa na kazi gani. Ni kama fundi redio: anajua kazi ya waya baada ya kuona waya umekatika na sauti imepotea.

Maarufu kuliko wote anaitwa Ligon lintless-1, aliandikwa Marekani mwaka 1929. Nyuzi zake zinaanza vizuri kabisa, zinagoma kurefuka, zinaishia milimita 6 hivi. Mmea wenyewe ni mfupi na majani yamejikunja. Ilichukua karibu miaka 90: mwaka 2017 ndipo ilipotangazwa kwamba kosa ni la herufi moja kwenye kinasaba cha aktini, protini inayojenga kiunzi cha ndani ya seli. Herufi moja tu jamani! Yupo na Ligon lintless-2, nyuzi fupi vilevile lakini mmea umesimama vizuri, majani safi. Huyu ndiye mtamu kwa utafiti, maana tatizo lake liko kwenye uzi peke yake.

Wengine wanaitwa mbegu uchi, hawana yale manyoya mafupi. Mwingine nyuzi zake zinarefuka ila ukuta unabaki mwembamba, hazikomai. Uzi wa namna hiyo haushiki rangi vizuri na unafanya vifundo. Ukiona kitambaa kipya kina vidoa vyeupe ambavyo rangi imevikataa, nyuzi changa ni mshukiwa wa kwanza.

Angalizo kwa watani zangu wa Usukumani: mbegu uchi msiichanganye na mbegu zilizoondolewa manyoya zinazouzwa madukani. Hizo zimenyolewa kwa tindikali tu. Watoto wake watazaliwa na manyoya kama kawaida.

Na nywele za pamba si za kwenye mbegu peke yake, hata jani linazo. Chawa jani walikuwa wakifyonza pamba ya Afrika mpaka inanyauka. Miaka ya 1920, Barberton huko Afrika Kusini, ikachaguliwa pamba ya majani yenye nywele ndefu na nyingi, ikaitwa U4. Ndio moja ya mizizi ya aina zilizotengenezwa baadaye Ukiriguru, Mwanza, zile zinazoanza na herufi UK. Ilikuwa ni kuchagua na kuzalisha tu. Ila nywele zina bei yake: kuna mutanti mwenye majani ya manyoya kama mahameli, na nyuzi zake za pamba ni fupi na ngumu. Kinasaba kimoja, sehemu mbili za mmea.

GMO je? Pamba ya Bt imewekewa kwa makusudi kinasaba cha bakteria wa udongoni ili funza akila afe. Kenya waliiruhusu mwishoni mwa 2019. Sisi majaribio ya GMO yalisimamishwa Novemba 2018, yakafutwa Januari 2021. Nyuzi za Bt zinakua kwa hatua zilezile nilizoeleza, kinasaba kile hakihusiki na uzi.

Na kwa nini funza awe hoja kubwa huku kusini? Kwa sababu mikoa ya kusini, Mbeya ikiwemo, iliwekwa karantini ya pamba kwa miaka mingi kuzuia funza mwekundu anayetoka upande wa Malawi, Zambia na Msumbiji asifike kwa wakulima wa kanda ya ziwa. Bonde lenye joto, ardhi nzuri, na pamba marufuku. Hakuna mutanti wa nyuzi anayeweza kutatua hilo, maana shida ni ya mdudu. Mdau wa Chunya unayekumbuka habari za karantini hiyo, tupe maelezo hapo chini.