Master Asiyeguswa: Soma Hii Kabla Hujalipa Ada ya Karate

Machalii wa Chuga, hapa hatutaji mtu jina. Ila ukipita Kimandolu ukaona bango la karate au kung fu kwenye nguzo, master kakunja sura na mkanda mweusi kiunoni, usikimbilie kutuma hela. Pata kwanza historia kidogo, maana wajanja wa fani hii hawakuanza jana.

Tuanze na huo mkanda. Wengi wanaamini ni mila ya miaka elfu, eti ulikuwa mweupe ukachakaa kwa jasho na vumbi mpaka ukawa mweusi. Stori tamu, ila siyo kweli. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyeleta madaraja ya dan na mkanda mweusi. Karate ikaazima baadaye. Rangi za katikati zilienea Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili, ili mwanafunzi ajione anasogea. Nia ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba kila rangi ina mtihani, na mtihani unaweza kuwekewa bei. Hapo wajanja wakaona mlango.

Chicago, miaka ya 1960, kulikuwa na jamaa anaitwa John Keehan. Karate alikuwa anaijua, hilo tumpe. Ila akajibadili jina, akawa Count Dante, akajitangaza kwenye vitabu vya katuni kwamba yeye ndiye binadamu hatari kuliko wote walio hai. Alidai ameshinda mapambano ya siri ya kufa na kupona. Wapi? Nani alishuhudia? Hakuna jibu. Ukimtumia hela, anakutumia kijitabu cha mbinu za kuua. Aprili 1970 yeye na watu wake wakavamia ukumbi wa shule pinzani, na rafiki yake akachomwa akafa palepale. Yaani mtu kapoteza maisha kwa ugomvi wa nani mkali. Dante mwenyewe alifariki 1975, hata miaka 40 hajafika.

Nenda Japani, mwaka 2006. Mzee Yanagi Ryuken alikuwa anaangusha wanafunzi kwa kupunga mkono tu, bila kuwagusa. Akaweka dau, akapanda ulingoni na mpiganaji wa MMA ambaye hakuwa mwanafunzi wake. Akapunga. Jamaa kasimama. Makonde machache tu, mzee chini, mchezo umeisha. Watu wanaicheka ile video mpaka leo, ila ukiitazama vizuri inasikitisha. Huenda mzee alikuwa anajiamini kabisa. Wanafunzi waliokuwa wanaanguka kwa heshima, miaka nenda rudi, ndio waliomponza.

Kwetu, kiu ililetwa na filamu. Bruce Lee, halafu vibanda vya video, Lufufu anatafsiri, watoto wakitoka hapo ni mateke mpaka nyumbani. Lakini walimu wa kweli nao walikuwepo. Miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alipanda mbegu ya Goju-Ryu Dar es Salaam. Mtindo huo ulianzishwa Okinawa na Chojun Miyagi. Unaona tofauti? Huo ni ukoo unaoulizika. Huyu kafundishwa na nani, wapi, mtindo gani. Mwalimu wa kweli hachukii hayo maswali.

Kwa hiyo ukifika mazoezini, kaa pembeni, angalia. Wanafunzi wanapambana na mtu anayekataa kuanguka, au kila siku ni kupiga hewa? Mzazi anaruhusiwa kukaa akatazama? Ukizuiwa, mchukue mtoto wako uondoke. Omba cheti cha usajili, maana klabu za michezo zinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Uliza gharama zote mapema, mitihani na mikanda ikiwemo. Ukiahidiwa mkanda mweusi ndani ya miezi sita, hapo unauziwa kitambaa. Na master anayekataza msitembelee shule nyingine, jiulize anaogopa muone nini.

Hela inauma, sawa, ila siyo hasara kubwa. Fikiria dada anayefunga duka saa tatu usiku na kutembea peke yake kurudi kwake. Akifundishwa uongo, atasimama kupambana pale ambapo alitakiwa kukimbia. Kibaka hajafundishwa kuanguka kwa heshima.

Wewe ulishawahi kukutana na master wa aina hii? Tupia stori hapo chini. Jina lake baki nalo.